Bundi Akaa Usiku

Mjambere, Kisauni, kuna mwembe ambao wanyama waliufanya mahakama, na hakimu wake ni Bundi. Kiti alipewa kwa ajili ya macho.

Bi Kuku alimshtaki Paka kwa vifaranga watatu. Wito ulibandikwa mwembeni baada ya magharibi: kesi usiku huohuo, saa sita. Wakati huo Kuku keshaingia bandani, na kuku akilala, hata umbebe kwa miguu hajui aendako.

Paka alifika mapema, akalamba ndevu. Bundi akaliita jina la Kuku mara tatu, polepole, eti asiwaamshe majirani.

"Mdai hayupo. Kesi imefutwa."

Asubuhi Kuku akaja mbio. "Mheshimiwa, mimi usiku sioni!"

"Mahakama ndiyo yenye saa zake," akajibu Bundi, jicho moja limeshafumba. "Haki si duka, lifungwe jioni."

Kunguru akatua na gazeti lililofungiwa viazi karai, maandishi yameloa mafuta. "Hilo kweli. Oktoba 25, 2017, kesho yake uchaguzi wa urais wa marudio, Khelef Khalifa wa hapa kwetu Mombasa na wenzake wawili walitaka Mahakama ya Juu iuahirishe. Serikali ilikwisha kuitangaza siku ile sikukuu, Jaji Mkuu David Maraga akafungua hivyo hivyo. Wakafika yeye na Isaac Lenaola, basi. Akidi ni majaji watano. Haikusikizwa. Na jioni, sikukuu ileile, Mahakama ya Rufaa ikakaa, ikausimamisha uamuzi wa Mahakama Kuu kuhusu maafisa wa uchaguzi."

"Ala! Kumbe sikukuu yenyewe ina milango miwili," akasema Mbuzi, akalivuta lile gazeti alile.

Kobe akatoa shingo. "Mzee Bundi, mimi na usiku sina ugomvi. Nyumba ikishika moto usiku wa manane, nani atangoja saa tatu asubuhi? Nakuuliza hili tu: nani alitumwa bandani kumwamsha Bi Kuku?"

Bundi akafumba na jicho la pili.

Mimi kwa upande wangu, kukaa usiku nisingemlaumu. Ila ule mwito wa kunong'ona! Banda liko hatua kumi kutoka mwembeni, nimezihesabu.

Kuku amekata rufaa. Imepangwa Ijumaa, saa saba usiku, mbele ya Bundi.