Barua kutoka Minnesota: Mwanao Amekuwa Mgema

Dada mpendwa,

Sisi huku hatujambo sote, isipokuwa kuta za jikoni, ambazo zinanata. Nitakueleza.

Umeniuliza mwanao amekuwa wa ngapi darasani muhula huu. Swali hilo nililifikisha shuleni vilevile, na mwalimu akanitazama kwa huruma. Hakuna wa ngapi. Hata darasa lenyewe sikuliona: kuna ukumbi mmoja, kila mtoto na meza yake na kompyuta yake, wala kengele hailii kutwa nzima. Shule yote haifiki watoto 100. Walimu ni "washauri", na watoto wanawaita kwa majina yao matupu, hata yule mwenye mvi. Mimi nimeshindwa, namwita Mwalimu, anacheka.

Masomo ni miradi. Mtoto anachagua jambo lake, anaandika pendekezo la kuonyesha ni sayansi gani na historia gani atajifunza humo kwa viwango vya jimbo, washauri wanatia saini, naye anaingia kazini. Mwisho anasimama mbele ya watu kuitetea kazi yake. Najua huko Kenya wazazi mnaulalamikia mtaala wa umilisi, kwamba mnatumwa saa tatu usiku kutafuta maboksi na kuchapisha picha saiba. Mimi nilitumwa kutafuta mti.

Mti wenyewe ni mepo. Ikifika Machi, usiku maji yanaganda na mchana jua linachungulia, ndipo utomvu unapokimbia ndani ya shina. Unatoboa tundu, unachomeka kimrija, unatundika ndoo. Kwa ufupi, Dada, mwanao anagema. Marehemu babu, ambaye hakutaka hata tupite chini ya mnazi wa mgema, sijui angeniambia nini. Nimejitetea kwamba utomvu huu haulevyi: ni maji tu, na sukari yake ni kama asilimia 2.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Wagema wa huku wana kanuni yao: gawa 86 kwa asilimia ya sukari, utajua galoni ngapi za utomvu zitakupa galoni moja ya shira. Kwa asilimia 2 ni galoni 43. Na hizo 42 nyingine? Zinakwenda hewani. Ndiyo maana wenye akili zao huchemshia nje. Mwanao aliona nje kuna theluji, akachemshia kwangu. Karatasi ya ukutani ilibanduka yenyewe ikashuka kama buibui linalovuliwa.

Historia nayo hakuiacha. Wadakota na Waojibwe walikuwa wakitengeneza sukari ya mti huu kabla Mzungu hajafika, basi akampigia simu mzee mmoja wa Kiojibwe asiyemjua, wakazungumza mpaka chai yangu ikapoa. Hilo nimelipenda. Sisi tulifunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa, na mmoja wa waliotufunza ni wewe.

Nisilolipenda ni kwamba mtoto anayejichagulia la kusoma anajua vizuri sana la kutochagua. Kugawa 86 kwa 2 si aljebra. Walimu nao wameligundua hilo: hisabati peke yake ndiyo yenye saa yake kila asubuhi, na hapo miradi haina utetezi.

Usidhani ni anasa ya matajiri. Ni shule ya umma, karo hamna. Minnesota ndiyo iliyotangulia Marekani nzima, 1991, kwa sheria ya kuwaruhusu walimu waanzishe shule za umma za aina hii. Mojawapo, Minnesota New Country School, ambayo sasa ipo katika mji mdogo wa Henderson, ilifunguliwa 1994. Mwaka uliofuata wanafunzi wake walikwenda kutembea shambani wakakuta vyura wa ajabu: huyu hana mguu, yule ana wa ziada. Taarifa ikapelekwa idara ya mazingira ya jimbo, na wanasayansi wakaanza kumiminika. Baadaye watafiti walionyesha kwamba kimelea fulani ni miongoni mwa visababishi. Wazazi wa wanafunzi hao walibahatika: vyura hawachemshwi jikoni.

Usiku wa utetezi mwanao alileta kaimati zilizochovywa kwenye shira yake. Aliyezikaanga hakutajwa. Jopo likala, likasifu, likalamba vidole, kisha mgema mmoja mkongwe akauliza shira aliiepua kwenye joto gani. Nyuzi 7 za Farenhaiti juu ya maji yanayochemka, akajibu bila kusita. "Na siku hiyo maji yalichemka nyuzi ngapi?" 212. "Ulipima, au ulisoma?" Alikuwa amesoma. Kumbe kiwango hicho hupanda na kushuka kwa hali ya hewa ya siku. Mtihani wa kwetu ungempa alama zote. Hapa amerudishwa akapime. Jikoni kwangu.

Mradi unaofuata umeshatiwa saini: historia ya kiboko katika shule za Kenya, hadi kilipopigwa marufuku 2001. Nilimwambia waliochapwa tupo tele. Akasema anatafuta mchapaji, hao ndio adimu. Atakupigia Jumamosi baada ya alasiri, atarekodi, na itasikilizwa mbele ya jopo. Usimwambie hukumbuki. Ameshanihoji mimi.

Mdogo wako.