Barua kwa Wenye Mizani wa Austin

Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo la Texas,
Austin.

YAH: PONGEZI KWA MIZANI YENU

Naandika kutoka Houston, kwa niaba yangu na ya majirani tunaoamkiana kwa Kiswahili kwenye ngazi za fleti. Nimemaliza kuisoma sura ya 481 ya Sheria ya Afya na Usalama. Kwa jina hilo la afya nilitarajia habari za chanjo na maji safi. Nikakuta miaka 99.

Kwanza, hongereni kwa kuipumzisha akili ya hakimu. Mshtakiwa ni nani, anaumwa nini, hayo mmeyaweka kando. Kwanza tuone gramu. Teja akikutwa na kokeini au heroini chini ya gramu 1, ni jela ya jimbo, siku 180 hadi miaka 2. Kuanzia gramu 1, miaka 2 hadi 10. Ikifika 4, ni hadi 20. Ikifika 400, mnaanzia miaka 10 na dari ni 99 au maisha.

Lakini kilichonikosha ni upimaji wenyewe. Sokoni kwetu mchele ukiwa na mawe, mteja anagomba hadi apunguziwe bei. Nyie mmeamua mawe nayo ni mchele: chochote kilichochanganywa na unga wa kulevya kinahesabiwa. Kwa hiyo aliyenunua nusu gramu ya kokeini iliyotiwa gramu 4 za sukari amebeba gramu 4 na nusu, na kutoka miaka 2 ameshaingia kwenye 20. Kalaliwa na muuzaji, kisha anafungwa kwa kulaliwa. Mwaka 2014, pale Round Rock, kijana wa miaka 19 aliyedaiwa kuoka keki za mafuta ya bangi alikabiliwa na miaka 5 hadi maisha, kwa kuwa sheria iliruhusu keki ipimwe nzima, na kakao yake na sukari yake. Baadaye shtaka lilishushwa. Sukari haikuombwa radhi.

Majani ya bangi yasiyozidi aunsi 2 ni kosa dogo, kifungo kisichozidi siku 180. Mafuta yake ndani ya kile kidude cha kuvuta mvuke, hata chini ya gramu 1, ni kosa kubwa la jinai. Vijana wetu wanaodhani mvuke ni ustaarabu wajue hivyo.

Kwenye usambazaji mmevuka hata mizani. Kuahidi kuuza tu ni kusambaza, hata kama mfukoni hamna kitu. Kumpitishia mwenzio msokoto bila senti ni kusambaza. Halafu kuna umbali: futi 1,000 kutoka shule, futi 300 kutoka bwawa la kuogelea la umma au ukumbi wa michezo ya video, adhabu inapanda. Ukumbi wa michezo ya video, waheshimiwa! Watoto wa hapa wanachezea kwenye simu, chini ya shuka.

Mwaka 2019 mlihalalisha katani, mmea uleule wa bangi mradi kilevi chake, THC, kisizidi asilimia 0.3, huku maabara nyingi za polisi zikiwa hazina namna ya kupima asilimia hiyo. Waendesha mashtaka wakafuta kesi za bangi kwa mamia. Hiyo ndiyo siku pekee mizani yenu ilipokiri kuchoka.

Sasa ombi. Mahakamani mna huruma moja: mtu anakiri kosa, hukumu inaahirishwa, anatumikia masharti, anaambiwa hakutiwa hatiani. Mkongomani mwenye grini kadi anashukuru, anapeana mikono na wakili, anakwenda kazini. Uhamiaji wa serikali kuu wanaisoma karatasi ileile na kusema huyu ametiwa hatiani, na kosa la dawa za kulevya laweza kumfukuzisha nchini. Msamaha wao mkubwa ni bangi ya gramu 30 ya matumizi yake mwenyewe, tena mara moja. Aunsi 2 zenu ni karibu gramu 57. Najua uhamiaji si wizara yenu, ila saini ilichukuliwa mezani kwenu. Naomba basi kibandikwe kibao juu ya meza hiyo, kwa Kiswahili na herufi kubwa: HUKUTIWA HATIANI. PAKIA MIZIGO.

Wenu mtiifu,
Mpangaji, Houston
(nje ya futi 300, nimepima)