Namna ya Kutembelea Kijiji cha Makumbusho Bila Kuona Nyumba

Kwanza tafuta mgeni. Mtu wa Dar haendi makumbusho kwa hiari yake. Huenda kwa sababu shangazi kaja kutoka Bukoba, au shule imedai mchango wa safari ya watoto. Ukimwambia konda "Makumbusho", atakushusha stendi. Usimlaumu. Uliza njia, maana kijiji kipo hapohapo Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, tangu miaka ya 1960.

Getini, gunia kiingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini kuguna ni haki ya raia.

Ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa kipimo cha nyumba za kuishi watu. Kila moja ipe sekunde chache: simama mlangoni, ipe mgongo, piga picha. Usiingie. Ndani kuna giza, na giza halipendezi Instagram.

Kwenye tembe ya Wagogo itabidi uinamishe kichwa. Sema, "Watu wa zamani walikuwa wafupi," kisha uondoke haraka. Ukikawia utaliona lile paa bapa, miti imepangwa na juu yake udongo mzito ambao jua la Dodoma huhangaika nao mchana kutwa kabla halijamfikia aliyelala chini. Hapo utaanza kulifikiria bati lako la Mbagala, na feni inayokuzungushia joto lilelile usiku kucha. Mawazo ya namna hiyo huharibu matembezi.

Msonge wa Wahaya ni hatari zaidi kwa sababu ya shangazi. Nyasi zimeshuka kutoka kileleni hadi chini, hujui paa limeishia wapi na ukuta umeanzia wapi, naye ataanza kuonyesha: hapa moto, pale ng'ombe, kule mzee analala. Mkatize. Mwambie ngoma inaanza.

Wala usiulize nani alisanifu. Soko la Kariakoo tunajua ni kazi ya Beda Amuli, na ile miavuli yake ya zege iliyokinga maji ya mvua ina mwenyewe. Hapa hakuna jina hata moja. Wajenzi hawa walipima kwa hatua za miguu, wakachora ardhini kwa kijiti, wakaita majirani. Leo manispaa isingewapa kibali cha ujenzi. Kibali ni cha lile tanuri lako la bati.

Jambo moja tu nalisema bila utani. Nyasi huoza, udongo humeguka, na mchwa hawabagui kabila. Nyumba hizi zisipoezekwa na kukandikwa upya, huanguka. Mwenye bibi au babu anayejua kuezeka amlete mapema, amwache aseme mpaka amalize.