Kwa Wakuu wa Usafiri wa Dar: Mgeni Wenu Amefika Argentina

Waheshimiwa, hongereni. Majiji mengine yanamaliza fedha za walipa kodi kuchapa ramani za mabasi, ilhali Dar es Salaam imeihifadhi yake pasipofikiwa na mvua wala wezi: vichwani mwa makonda. Mgeni anayeitaka sharti aulize. Akiuliza watu watatu atapewa njia tatu, zote sahihi, na mmoja wao atamsindikiza mpaka mlangoni mwa gari.

Kituo cha daladala nacho kina haya, hakijitangazi. Mara nyingi hakina jina, wala orodha ya magari, wala nauli. Kina muuza karanga, bodaboda kadhaa, na mpiga debe anayelijaza gari lililokwisha kujaa. Gari lenyewe limeandikwa mwanzo na mwisho wa njia, na ubavuni lina ukanda wa rangi wa kuitambulisha njia hiyo. Utaratibu mzuri kabisa, tena wa kujivunia, ila hakuna aliyebandika popote rangi ipi ni ya wapi. Katika hali hiyo mgeni anaambiwa ashuke Mbagala Rangi Tatu.

Balaa kubwa ni Mbezi. Mabasi ya mikoani yaliyozoeleka Ubungo yalihamishiwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Mgeni mwenye tiketi ya alfajiri kwenda Mbeya anasikia konda akiita “Mbezi, Mbezi!”, anaruka ndani, anakaa, anashukuru Mungu. Gari linashika Barabara ya Bagamoyo. Saa moja baadaye yuko Mbezi Beach, upepo wa bahari unampiga usoni, na basi lake liko Barabara ya Morogoro. Konda hana kosa. Mbezi aliyoitaja ipo.

Jioni Kariakoo ni somo jingine. Magari yanayoingia mjini yanajaa watu wanaotoka mjini. Hawajapotea. Wanageuza nalo: wanalipa nauli ya kwenda nyuma ili wapate siti ya kwenda mbele. Kanuni hiyo haimo katika tangazo lolote la serikali, lakini kila mwenyeji anaijua, na asiyeijua atasimama hadi nyumbani.

Mwendokasi, iliyoanza 2016, angalau ina vituo vyenye majina. Anayepanda Kimara kwenda Morocco atapita Korogwe, ambayo siyo ile ya Tanga, kisha Argentina, kisha Kagera, yote kwa nauli ya basi la mjini. Hakuna shirika la ndege linaloweza kushindana na bei hiyo. Mvua kubwa zikinyesha, mgeni anayekwenda katikati ya mji anatangaziwa kwamba huduma imesitishwa kwa sababu Jangwani pamejaa maji. Anacheka, akidhani ni utani wa kikwetu. Mto Msimbazi hautanii. Umeshayafikia hadi mabasi yaliyokuwa yameegeshwa karakana ya bondeni pale.

Jirani zetu wa Nairobi, ambao njia zao zina namba tangu enzi za mabasi ya KBS, walifanya jambo la ajabu. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila kituo, na 2014 ikatoka ramani moja ya jiji zima. Matatu hazikupungua vurugu hata kidogo. Ila mtu anajua anapanda ipi.

Ombi basi ni dogo, Waheshimiwa. Ubao mmoja kila kituo: jina la kituo, magari yanayopita, rangi zake, na kama ni Mbezi, Mbezi ipi. Mafundi wa mabango wamejaa mjini, na orodha ya njia mnayo ofisini, maana ndiyo mnayotumia kutolea leseni.