Klachi Nane kwa Gari Lililoongezwa Nguvu, Kuanzia ya Kukimbia Hadi ya Kununua

Tabo imebadilishwa, ekzosti imepanuliwa, programu ya injini imeandikwa upya, mfuko umebaki na sauti ya sarafu. Sasa uko gia ya nne, mguu umegusa sakafu, mshale wa mizunguko unakimbilia 5,000, lakini gari lenyewe limeng'ang'ania mwendo uleule. Pole, ndugu yangu. Klachi inateleza. Usiitukane, maana tangu siku ulipoongeza boosti imekuwa ikifanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Kabla hatujahesabu, tukubaliane jambo. Klachi haijui nguvu farasi, inajua torki. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210, lakini torki yake ni Nm 216 tu. Hilux ya dizeli yenye injini ya 1KD, ile inayobeba saruji asubuhi na mbuzi jioni, ina farasi wachache kuliko hao na torki ya Nm 343. Mwenye Altezza atampita mwenye Hilux barabarani, ila mbele ya klachi ni yeye anayepaswa kuamkia. Kwa hiyo ukifika dukani usitaje farasi. Taja torki, na iwe imepimwa kwa mashine, si kukadiriwa na rafiki aliyekuwa amekaa kiti cha abiria akipiga kelele.

Uwezo wa klachi kushika hutokana na vitu vinne: presha pleti inabana kwa nguvu gani, lainingi ina msuguano gani, pleti ina kipenyo gani, na nyuso zinazosuguana ni ngapi. Hakuna cha tano. Kila anayekuuzia klachi kali amegusa kimoja au viwili kati ya hivyo, na kila kimoja kina gharama yake, ambayo hukatwa kwenye goti lako, kwenye sikio lako au kwenye injini yako.

Haya, tuhesabu kurudi nyuma.

8. Iliyo kwenye sanduku zuri mno

"Bosi, hii orijino kabisa, ya Japani." Jina la Exedy limechapwa vizuri, karatasi inameta, na bei ni nusu ya duka la jirani. Exedy ni kampuni ya mkoa wa Osaka, ile iliyokuwa ikiitwa Daikin, na sifa yake ndiyo inayowatamanisha waigaji. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, Tanzania ina Tume ya Ushindani, lakini wa kwanza kulinda pesa zako ni macho yako mwenyewe. Uwe Kirinyaga Road au Kariakoo, fungua sanduku palepale kaunta. Namba ya kwenye karatasi ilingane na iliyopigwa kwenye chuma. Vichwa vya riveti vizame chini ya uso wa lainingi, vyote kwa kina kimoja. Vidole vya springi ya presha pleti viwe usawa mmoja. Kimoja kikichomoza kuliko wenzake, rudisha. Na muuzaji akikukataza kufungua, mshukuru: amekujibu bure.

7. Iliyobandikwa lainingi upya

Mafundi wa kubandika lainingi ni watu wa kazi, na kwa lori la mizigo linalokwenda polepole pleti yao inaweza kuzeeka kwa heshima. Injini yako inazunguka mara 7,000 kwa dakika. Lainingi ikibanduka kwa mwendo huo haianguki, inalipuka, na nyumba ya giaboksi ndiyo inayopokea vipande. Tena umebandika sura mpya juu ya springi za katikati zilezile zilizochoka, na presha pleti ileile. Umeoga, ukavaa shati la jana.

6. Ya vidole vitatu

Hii ndiyo inayopendwa kwenye picha. Badala ya duara zima la lainingi kuna vipande vitatu au vinne vya metali na seramiki, na mara nyingi katikati hakuna springi hata moja. Inashika torki ya kutisha na inavumilia joto kali. Kwenye mashindano ni silaha halali.

Sasa itoe uwanjani uipeleke Mlima Kitonga, nyuma ya malori yanayosogea hatua na kusimama, hatua na kusimama. Klachi ya vidole haina neno "polepole". Ama imeachia, ama imekamata. Ukiisuguza ili gari lisogee taratibu, inatetemesha gari zima hadi abiria wa nyuma anaanza kutaja majina ya wazazi wake. Usipoisuguza, unarukia lori. Foleni ya Mombasa Road jioni itakufundisha hilohilo bila mlima.

Jambo zito zaidi liko nyuma ya klachi. Giaboksi ya gia tano ya Impreza WRX inajulikana kwa meno yake kukatika inapopewa uondokaji mkali kwenye gari lililoongezwa nguvu. Klachi ya kawaida huteleza kidogo wakati wa kuondoka, na katika kuteleza huko hulainisha pigo kabla halijafika kwenye gia. Ukiweka inayokamata kwa ghafla, pigo lote linakwenda kwenye meno. Umeokoa pleti, umezika giaboksi. Kama lazima uvuke mpaka huu, chukua ya vidole sita yenye springi katikati, na umwambie mwenzako wa nyumbani mapema kwamba gari limebadilika tabia.

5. Pleti mbili za mtumba kutoka Japani

Napenda hesabu yake. Pleti moja ina nyuso mbili za kusuguana, pleti mbili zina nne, kwa hiyo torki hugawanywa na presha pleti haihitaji kubana kikatili. Ndiyo maana klachi nzuri ya pleti mbili inaweza kuwa na pedali nyepesi kuliko ya pleti moja iliyolazimishwa. OS Giken na ORC wa Japani wamejenga jina kwa kazi hizi.

Tatizo ni neno "mtumba". Hujui ilisuguliwa na nani wala mara ngapi. Pima unene wa pleti kwa kalipa ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji, na uulize kama pleti za kubadilishia zinauzwa peke yake na zinafika lini. Hakikisha pia inakaa kwenye gari lako kweli: giaboksi ya gia sita ya Impreza STI hutumia klachi ya milimita 240 ambayo rilizi beringi huivuta, wakati ya gia tano ya WRX ni ya milimita 230. Magari mengi mengine husukuma. "Ya Subaru" si kipimo. Na ukiiweka, zoea mlio wake kwenye taa nyekundu. Jirani atadhani umebeba sufuria. Ni klachi yako inasalimia.

4. Ya Kevlar

Laini kushika, hudumu sana, na hukasirika ikiungua. Ikishapata joto la kupita kiasi uso wake hung'aa na kuanza kuteleza, na kuurudisha ni shida. Pia inataka muda mrefu wa kuizoesha. Kwa mtu mtulivu, sawa. Lakini mtu mtulivu asingebadilisha tabo.

3. Ya kiwandani, mpya kabisa

Hapa wengi hunikatia kauli, na bado nasema. Ulichofanya ni kubadilisha chujio la hewa na ekzosti? Basi huenda klachi yako haikushindwa na nguvu mpya. Imeshindwa na umri. Ilipita mikononi mwa mwenye gari wa Japani, kisha wa Nairobi, kisha wewe, na kila mmoja aliacha mguu juu ya pedali. Viwanda huacha akiba juu ya torki ya injini, na klachi mpya ya Aisin kwenye Toyota ina akiba hiyo yote. Ya zamani ilikwisha kuitumia. Starlet ya tabo yenye injini ya 4E-FTE ilizaliwa na Nm 157. Ukiongeza kidogo tu, klachi mpya ya kiwandani inaweza kukutosha, pedali ikabaki nyepesi na mama akaweza kuendesha gari kwenda sokoni. Hilo la mama ni kipimo halisi, usilidharau.

2. Ya kaka mkubwa

Werevu wa kweli wa mfuko mdogo uko hapa: kutumia kipuri cha kiwandani kutoka gari kubwa la familia ileile. Wapenzi wa Volkswagen wanalijua vizuri. Golf ya 1.8 yenye tabo na giaboksi ya gia tano hukubali klachi ya VR6 pamoja na flaiwili ya G60. VR6 ya lita 2.8 ilikuwa na Nm 235 tangu kiwandani, wakati 1.8 ya farasi 150 ilianza na 210, na kipenyo kilichoongezeka kinafanya kazi bila kuusumbua mguu. Unanunua spea ya kawaida, yenye bei ya kawaida.

Cha kulipa ni masikio. Flaiwili ya asili ya Golf hiyo ni ya vipande viwili vyenye springi ndani yake, inayomeza mitikisiko ya injini. Ya G60 ni kipande kimoja. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, giaboksi itatoa kelele ya njugu. Si ugonjwa. Ila mwambie fundi wako mapema, maana fundi mwenye bidii anaweza kukufungulia giaboksi nzima akitafuta kisichopotea.

1. Lainingi ya kawaida, presha pleti kali zaidi

Mshindi si wa ajabu, na ndiyo sababu ameshinda. Pleti yenye lainingi ya kawaida na springi katikati, ikibanwa na presha pleti yenye nguvu kuliko ya kiwandani. Wauzaji huiita Steji 1. Jina hilo halina kipimo kinachokubalika na wote: Steji 1 ya kampuni moja inaweza kushika zaidi ya Steji 2 ya nyingine. Dai namba ya Nm. Asiyekuwa nayo anauza rangi ya sanduku.

Chukua torki uliyopimiwa, uongeze kama robo. WRX iliyoandikiwa programu ikafika Nm 380 itafute klachi ya 475 hivi. Usiruke hadi 700 "kwa ajili ya baadaye". Presha pleti inavyokuwa ngumu, ndivyo kila unapokanyaga pedali unavyosukuma kranki kuelekea mbele au nyuma, na beringi inayozuia msukumo huo ndiyo inayosagika. Uma wa klachi nao huweza kupasuka. Na kwenye foleni weka nyutro, uachie pedali. Goti na kranki watakushukuru kwa pamoja.

Sasa pesa uliyookoa kwa kutonunua klachi ya mashindano usiipeleke kwenye rimu. Kushusha giaboksi kunagharimu kilekile, uweke klachi namba 8 au namba 1, kwa hiyo anayeishusha mara mbili kwa ajili ya beringi ndogo amenunua klachi mbili. Weka rilizi beringi mpya na beringi ya mwisho wa kranki. Tazama oili sili ya nyuma ya kranki. Ikivuja hata kidogo, badilisha, kwa sababu pleti mpya ikionja oili mara moja haitasahau. Bolti za flaiwili ziwe mpya pale mtengenezaji anapotaka hivyo. Flaiwili ya kipande kimoja ipelekwe kuskimu hadi madoa ya bluu ya joto yaishe, na fundi asipite kipimo cha mwisho. Ya vipande viwili mara nyingi haiskimiwi, ikichoka hubadilishwa.

Chungulia pia masta ya klachi, ya juu na ya chini. Gia zikigoma kuingia huku gari halitelezi, huenda oili ya klachi inavuja na pleti haina kosa lolote. Nimeona watu wakibadilisha klachi nzima yenye afya kwa sababu ya kiraba cha bei ya soda.

Siku ya kufunga, fundi apangilie pleti kwa kifaa cha kuilenga katikati, si kwa jicho, na bolti za presha pleti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, upande huu na ule. Akikuambia jicho lake halikosei, mkopeshe kifaa na uinunulie imani yake chai.

Kilomita 800 za mwanzo ziwe za mjini, gia nyingi, mguu mwepesi, bila boosti kamili, ili lainingi na flaiwili zikutane uso kwa uso sawasawa. Rafiki wakikuita Thika Road Jumamosi usiku, nenda, lakini upande gari la mwingine.