Jinsi ya Kumlisha Papa Mchanga Bila Kumuua kwa Mapenzi

Papa anayetotolewa katika matangi mengi ya nyumbani huko Marekani na Ulaya si yule wa kwenye sinema. Ni Chiloscyllium punctatum, papa mpole wa sakafu ya bahari, asili yake Asia ya kusini na mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Hukaa ndani ya yai lake lenye ganda la ngozi kwa miezi minne au mitano, kisha hutoka akiwa na sentimita 15 hivi, mwili mzima mistari. Umemnunua, umempa jina, sasa unataka ale. Tulia kwanza, ufuate hatua hizi kwa mpangilio.

1. Usimlishe
Siku ya kwanza, mrudishe ngisi wako kwenye friji. Papa mchanga ni mgeni aliyekuja na kapu lake la chakula: tumboni bado ana akiba ya kiini cha yai, nayo humtosha siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi. Akijilalia mchangani bila kugusa kitu, hana njaa. Mwenye njaa ni wewe, njaa ya kumwona papa akila. Chakula asichokitaka kitaoza, kitaleta amonia majini, na amonia huua.

2. Pima maji kabla ya kupima ngisi
Amonia na naitraiti zisionekane kabisa kwenye kipimo. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Dawa yenye shaba inayowatibu samaki wengine ni sumu kwa papa. Isikaribie tangi hilo.

3. Zima taa
Huyu huwinda usiku. Ana pua kali, na kichwani ana vitundu vinavyohisi umeme hafifu wa viumbe hai, vile ambavyo Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678. Kamba akijizika mchangani gizani, papa atampata. Taa unaihitaji wewe.

4. Mwandalie kidogo, tena kibichi
Ngisi, kamba au mnofu wa samaki wa baharini: bila chumvi, bila ndimu, bila pilipili. Kipande kisizidi upana wa mdomo wake. Kishike kwa koleo refu la plastiki, kiweke mbele ya pua yake, usubiri. Ndevu mbili fupi zitapapasa, matamvua yataenda mbio, kisha kipande kitatoweka kwa mvuto mmoja. Punde atakitema. Usikiondoe! Atakivuta tena, atakitafuna na kukitema hadi kilainike. Akikataa kabisa, mpe kamba mdogo aliye hai. Mwendo wake huamsha hamu. Usimsukumie chakula kinywani.

Akishazoea, mpe mlo mdogo kila siku, au siku moja apate na nyingine apumzike. Mabaki yatoe usiku huohuo.

5. Usimlishe ngisi maisha yake yote
Baadhi ya samaki na kamba wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kukaa kwenye barafu muda mrefu hupunguza vitamini. Papa akikosa iodini anaweza kuvimba tezi la shingo. Kwa hiyo badilisha mlo, na uchomeke vitamini za papa ndani ya kipande cha ngisi.

6. Pima sebule
Ukimlisha vizuri, atakua. Atafika mita moja, na atataka tangi la zaidi ya lita elfu moja, lenye sakafu pana ya mchanga laini. Akikushinda, usimtupe baharini: anaweza kupeleka magonjwa huko, au kufia ugenini. Kumrudisha papa baharini ni kazi ya wataalamu. Huko Raja Ampat, Indonesia, papa wa aina ya Stegostoma tigrinum hutotolewa kutokana na mayai ya kwenye akwaria, hulelewa na walezi waliofunzwa, hufundishwa kula konokono, na wa kwanza waliachiwa Januari 2023.

Hatua hii ya sita ndiyo ilistahili kutangulia, lakini hakuna anayesoma mwongozo wa kulisha kabla ya kununua. Basi ikiwa yai bado liko dukani, chukua futi ya kupimia, pima ukuta wako, na kama mita za papa mzima hazitoshi, liache yai hapohapo.