Kiporo cha Pilau ya Khitma

Pilau iliyobaki baada ya khitma ya babu ilifika karibu nusu ya sufuria la kukodi, lile linalobebwa na vijana wanne. Wageni walikuwa wameshaaga, viti vya plastiki vimeshapangwa ukutani, na akina mama waliokuwa uani tangu alfajiri wakimenya vitunguu walikuwa hoi. Shangazi, ambaye nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, ndiye mwenye kauli ya mwisho jikoni, akaagiza: "Funikeni vizuri, muache na makaa kidogo juu na chini. Asubuhi tutanywea chai." Hakuna aliyebisha. Wengi wetu tunakipenda kiporo cha pilau kuliko pilau yenyewe, maana viungo vinakuwa vimekolea hadi ndani ya punje.

Asubuhi mfuniko ulipofunuliwa, matone ya mvuke yaliteremka kwa ndani yakadondokea wali. Pembeni palikuwa pamepoa, katikati bado pana uvuguvugu. Shangazi aliinama akanusa, akachukua punje chache kwa ncha za vidole akazionja. Hakijachacha, hakitelezi, harufu ni ileile ya iliki na mdalasini. Hata hivyo hakupakua hivihivi. Alichochea moto, akaugeuza wali kwa mwiko mpaka ukoko ukaanza kulia chini. Watu wakala.

Saa nne haijafika, mtoto wa kwanza akatapika barazani. Kabla hajafutwa mdomo, mwenzake akakimbilia uani. Kisha mjomba, aliyekuja kutoka Pangani kwa ajili ya dua, akaomba ndoo.

Maneno nayo yakaanza. Kaka alisema ni kachumbari ya jana. Jirani aliyekuja kutoa pole akasema ni juisi ya ukwaju, maji yake hayakuchemshwa. Mtu mmoja akanong'ona habari za kijicho. Mama ndiye aliyekata mzizi wa fitina: "Mimi jana nilikula kila kitu, na kachumbari nikaongeza. Mbona mzima?" Alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, kwa hiyo chai ya asubuhi haikumhusu. Wifi, mwenye mtoto mchanga, alikunywa uji tu, naye mzima. Lakini yule mtoto aliyeanza kutapika hagusi kachumbari kabisa kwa kuogopa pilipili. Maafisa wa afya wanaochunguza mlipuko wa ugonjwa hufanya hivyohivyo: huuliza nani alikula nini, nani hakula, na baada ya muda gani. Kidole kikaelekea kwenye kiporo, na Shangazi akaumia. "Nimekipasha mpaka kimefuka moshi! Mdudu gani anapona moto ule?"

Yupo. Anaitwa Bacillus cereus, bakteria wa udongoni anayeingia jikoni pamoja na mchele, na pia pamoja na bizari, pilipili manga na viungo vingine vikavu. Akibanwa na ukame au joto hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akakaa humo kama mbegu kavu inayosubiri mvua, na maji yanayochemka hayamuui. Pilau inapoiva, bakteria wengine wengi hufa, yeye akabaki. Joto likishashuka chini ya nyuzi 60, spora huanza kuchipua, na kwenye nyuzi 30 na kitu bakteria huzaliana kwa kasi kubwa. Sufuria kubwa lililofunikwa, lenye makaa yanayofifia, hukaa kwenye joto la namna hiyo saa nyingi za usiku. Humo ndani ya wali hutengeneza sumu iitwayo sereulidi, na sumu hii ndiyo jibu la swali la Shangazi: maabara zimeipasha hadi nyuzi 121 kwa dakika 90 na haikuharibika. Moto wa asubuhi unaua bakteria waliochipua, sumu waliyoiacha unaiacha palepale. Na chakula kinaweza kuwa nayo bila kubadilika harufu. Pua ya mpishi hodari kuliko wote isingeigundua.

Kasi ya ugonjwa nayo inasema kitu. Bakteria wa homa ya matumbo hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa kawaida homa huanza baada ya wiki moja hadi tatu. Wa kipindupindu hunata kwenye utumbo mdogo na kutoa sumu yao hapo, maji ya mwili yakamwagika. Huyu wa kiporo hahitaji hata kuishi tumboni, kazi ameshaimaliza sufuriani. Sereulidi huamsha mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo, na mtu hutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita. Bakteria wenyewe wakimezwa hai kwa wingi, hutoa sumu nyingine ndani ya utumbo, na hapo huja kuharisha.

Kaka alikuwa ameshakimbilia duka la dawa akarudi na flajili. Hili linaniuma, kwa sababu linafanyika kila nyumba. Dawa ya kuua bakteria haiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa, na kuimeza ovyo kunawapa bakteria wengine usugu. Kilichohitajika ni maji. Mama alichanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akawanywesha watoto kidogokidogo. Magharibi walikuwa wanaomba kula.

Si wote wanaopona hivyo. Mwaka 2003 nchini Ubelgiji, mtoto wa miaka 7 alifariki baada ya kula saladi ya tambi iliyokaa siku kadhaa kwenye friji lililokuwa na joto la nyuzi 14. Ini lake lilishindwa. Friji lisilopoza halina tofauti kubwa na kabati.

Khitma ya arobaini ilipofika, Shangazi alisimamia mwenyewe. Majirani walipelekewa sahani zao mapema. Pilau iliyobaki ilitandazwa nyembamba kwenye masinia, feni ikaelekezwa juu yake, kisha ikagawanywa kwenye vyombo vidogo na kuingizwa friji. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kikihifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5, na kinachosubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60.

Wapishi wa shughuli, nawaomba: sufuria la pilau lisilale na mfuniko wake. Kama hakuna friji, au umeme umekatika, gaweni yote usiku uleule ikiwa bado ya moto, na mwambieni kila anayepokea aile kabla ya kulala.